Koti la Kwenda Muanda

Watu wengine wakikukuta asubuhi watakuuliza umelalaje. Mwalimu wetu wa Keshero alikuuliza umepumua vipi, na hakuwa anatania. Alitaka utoe pumzi mbele yake, ndefu, hapo hapo njiani, kisha aisindikize kwa macho mpaka upande wa ziwa na kusema, "Haya, imeshaondoka. Muanda bataipokea." Kama ulikuwa umekula vitunguu aliharakisha kidogo kuaga, lakini pumzi yako aliiheshimu vilevile.

Muanda, kwa asiyejua, iko upande mwingine kabisa wa nchi yetu, pale mto Kongo unapoingia baharini. Sisi wa Keshero tuko Goma, juu ya mawe ya volkano, kando ya ziwa Kivu. Katikati hapo kuna nchi nzima, misitu na mito na barabara ambazo zilikuwa barabara zamani za babu zetu. Mwalimu hajawahi kukanyaga Muanda, lakini anaizungumzia kama mtu anavyozungumzia jiko la nyumbani kwake. Ninaandika haya angali hai, makusudi, ili apate nafasi ya kukasirika.

Sababu ya Muanda ilikuwa mama mkwe. Mke wake, ambaye sote tunamwita Mama Mwalimu, ni binti wa mwanajeshi na alikulia kambini Katindo, hapa hapa Goma. Mama yake mzazi ni mtu wa Muanda na alikuwa amesharudi kwao wakati Mwalimu anaposa. Mahari ilipokelewa na baba pale pale Katindo, mbuzi wakaliwa, watu wakacheza mpaka vumbi likaingia kwenye wali. Mama hakuwapo. Akatuma neno moja tu, na neno hilo halijageuka tangu siku hiyo: mwanaume aliyemchukua mtoto wake aje asimame mbele yake, ndani ya maji kama desturi ya kwao, amwone kwa macho. Asipofanya hivyo, hatamwita bokilo. Bokilo ni mkwe kwa Kilingala, lugha ya kambini, ambayo mama huyo ndiyo anayoizungumza na binti yake. Mpaka afanye hivyo, jina la Mwalimu huko Muanda lilikuwa "ule mutu wa volkano."

Watoto wakazaliwa, wakakua, mmoja wao akaota ndevu. Mwalimu akabaki mutu wa volkano. Yeye anacheka kila kitu, hata matangani nimemwona akicheka, lakini jambo hilo halikumchekesha. Lilimuuma, na lilimuuma zaidi mke wake, ambaye kila akimpigia mama yake simu alikuwa kama mwanamke asiyeolewa.

Mimi nilikuwa mwanafunzi wake kabla sijawa fundi wake wa nguo. Alitufundisha shimi, yaani kemia, na katika shimi yote, yenye vitu vingi na majina magumu, yeye alipenda kitu kimoja, kaboni. Mengine aliyapitia mbio mbio kama mtu anayepita mbele ya duka alilokopa. Kaboni ilipofika alivua saa, akaiweka mezani, na hatukujua tena kengele italia lini.

"Batoto," alisema, "kaboni hakuna siku inakufaka. Inatembeaka tu."

Halafu ilianza safari. Unapumua, pumzi inaingia hewani, ziwa linaivuta. Vijani vidogo vya majini, visivyoonekana, vinaila. Sambaza, hawa samaki wetu wadogo wa kukaanga, wanakula vijani. Wewe unakula sambaza. "Donc uko unakula pumzi ya jirani yako," alisema, akimtazama yule aliyegombana na jirani yake wiki hiyo. Sambaza asiyeliwa anakufa na kuzama, na chini huko ziwa linaficha gesi nyingi kama mama anayeficha sukari. Kinachobaki juu kinateremka Bukavu, kinatoka kwa mto Ruzizi, kinaingia Tanganyika, kinatoka kwa Lukuga, kinafika Lualaba, kinakuwa mto Kongo wenyewe, kinapita msituni ambako majani yaliyooza yanayapaka maji rangi ya chai, na mwisho, Muanda. Ruzizi, Tanganyika, Lukuga, Lualaba, Kongo, Muanda. Hata leo ukiniamsha usingizini nitakutajia bila kukosea, na sijui kama ninaweza kukutajia amri zote za Mungu.

Alipofika Muanda sauti yake ilishuka. Pale kwenye mlango wa mto, alisema, maji matamu na maji ya chumvi yanakutana kama familia mbili kwenye arusi: kwanza kila moja inakaa upande wake, inaangalia nguo za wenzake. Kisha yanaanza kuchanganyika, na chumvi inafanya vile vipande vya majani vishikane na kuzama. Chini ya bahari, mbele ya mlango ule, kuna bonde refu sana linalomeza kaboni na kuipeleka gizani. Nyingine inachoka na safari, inatoka majini kama gesi, inapanda hewani, na upepo unaitawanya. "Pengine inarudia Goma," alisema. "Pengine ni ile uliivuta sasa hivi." Na sisi wote tulijikuta tunavuta pumzi kwa adabu.

Alitufanya tuicheze safari hiyo. Mlango wa darasa ulikuwa Ruzizi, ua wa shule ulikuwa Tanganyika, mfereji ulikuwa Lukuga, na choo cha walimu, nasikitika kusema, kilikuwa bahari. Kila mtoto alikuwa kaboni. Sheria ilikuwa moja: ukiingia Tanganyika unakaa chini, hutoki mpaka mwalimu akuite. Mimi niliingia Tanganyika asubuhi na akanisahau. Wenzangu walienda nyumbani. Nilipopata ujasiri wa kwenda kumuuliza, alinitazama bila haya.

"Binti, si uko mu Tanganyika? Kule maji haina haraka. Kutoka kule ni miaka na miaka."

"Lakini Mwalimu, niko na njaa."

"Kaboni haisikiake njaa," alisema, akanimegea nusu ya mkate wake.

Sasa nieleze habari ya kasiksi, maana bila hiyo hamtamjua mtu huyu. Kasiksi ni pombe yetu ya ndizi, na ikiwa bado mbichi inachemka yenyewe ndani ya chombo. Kulikuwa na sherehe ya ubatizo wa mtoto wa jirani. Mwalimu akaja na bidoni, yaani dumu, ya kasiksi aliyoikaza kifuniko na kuiacha juani tangu alfajiri, kwa sababu alitaka kuwaonyesha wageni jinsi uzito wa maji ya juu unavyoifunga gesi chini ya ziwa Kivu. Alisimama katikati ya uwanja. Aligonga bidoni, ambayo ilikuwa imevimba kama shavu lenye jino bovu. Akasema, "Bandugu, hii kifuniko ndiyo maji ya juu. Ikitoka haraka..." Hakumaliza. Kifuniko kilimpita mchungaji sikioni na kuingia kwenye sufuria ya sombe, mboga ya majani ya muhogo. Mchungaji alioga kasiksi kuanzia upara mpaka viatu, na mtoto aliyebatizwa akabatizwa tena. Mwalimu alisubiri kelele zipungue, kisha akauliza kama kuna swali.

Na habari ya mshumaa. Huku kwetu kuna mabonde na mashimo ambamo ile gesi ya kaboni inalala chini kwa uzito wake. Tunaiita mazuku, na mbuzi akiingia humo harudi. Mwalimu alikuwa anatembea mchana kweupe na mshumaa unaowaka, anauteremsha shimoni kwa kamba ili aone kama utazimika. Siku moja wamama waliotoka sokoni wakamwona amepiga magoti na mshumaa, anasema peke yake, wakadhani ni nabii mpya. Wakapiga magoti nyuma yake. Yeye hakuwafukuza. Aliwafundisha kaboni yote mpaka Muanda, wao wakiitikia amina kila kituo, na mshumaa ulipozimika mmoja wao alilia kwa sauti. Shimo lile lilizungushiwa mawe jioni ile ile, na wamama wale ndio waliobeba mawe, kwa hiyo siwezi kumcheka sana.

Alikuwa mtu wa kujipinga mwenyewe. Aliwatukana wachoma makala, yaani makaa, wote, akasema wanapandisha msitu mbinguni bila kuuombea ruhusa, na maharagwe yake yalipikwa kwa makala tu kwa sababu yale ya jiko la gesi, alisema, hayana ladha. Na kubwa kuliko yote, aliogopa maji. Mwalimu wa maziwa na mito na bahari alioga kwa beseni, tena beseni dogo. Alipotupeleka ziwani kujifunza, alisimama juu ya jiwe mbali na kutuonyesha vitu kwa fimbo ndefu. Tukimwita alijibu, "Mimi ni mwalimu wa maji, siko samaki."

Simu za Muanda zilipigwa kila Jumapili baada ya ibada, sauti ikiwa juu, na sisi majirani tulikuwa na kazi nyingi za kufanya karibu na ua wao. Mama Mwalimu alisalimia kwanza, kisha Mwalimu aliomba simu.

"Mama, usiseme sifikake. Kila siku niko nafika. Pumzi yangu inaingia mu ziwa, inashuka Ruzizi, inapita Tanganyika, inafika mpaka kwa miguu yako. Angalia tu maji."

Upande wa pili mama mkwe alizungumza kwa muda mrefu. Kilingala chake kilikuja na sauti ya jogoo na ya mawimbi, kikapanda, kikashuka, kikacheka, kikakemea. Alipomaliza, sote tulimgeukia Mama Mwalimu.

"Anasema amesikia," Mama Mwalimu alisema.

"Ile yote ni kusema amesikia?"

"Ingine ni salamu."

Jumapili nyingine hotuba ilikuwa ndefu zaidi, na tafsiri ikawa hivi: "Anasema kaboni ingekuwa na heshima, ingekuja na kuku." Mwalimu alimrudishia mkewe simu.

Msidhani hakujaribu kwenda. Koti ninalolijua kuliko nguo zangu mwenyewe ni ushahidi. Alilinunua sokoni Virunga, la kijivu, zuri, kwa ajili ya kusimama mbele ya mama mkwe na si kwa kazi nyingine yoyote. Alikataa kulivaa kanisani. Kila safari ilipokaribia aliniletea nilitengeneze, na kila safari ilipokaribia majirani walimfanyia karamu ya kumuaga. Alikula ugali, alikula sambaza, alikula mbuzi, kisha safari ikafa. Mara volkano, mara vita, mara mtoto mgonjwa, mara ndege. Siku hizi uwanja wa ndege umenyamaza kabisa, unasikia ndege wa kweli tu, wenye manyoya. Safari ilikufa lakini karamu ilibaki tumboni, na mwaka mwingine koti lilipoletwa halikufunga.

Nililifungua mishono ya pembeni. Mwaka mwingine nikalifungua tena. Mwisho hakukuwa na kitambaa cha kufungua, na kitambaa cha rangi ile hakikupatikana Goma yote. Nikapasua mgongo, kutoka shingoni mpaka chini, nikaweka kipande cha pazia langu. Ni pazia zuri, lina maua mekundu na ya njano. Kwa mbele huwezi kujua kitu.

"Na nyuma?" aliniuliza, akijizungusha kama mbwa anayetafuta mkia.

"Mwalimu, mama mukwe hawamugeuziake mugongo. Ni heshima."

Alifikiri. "Ni kweli," akasema, na akalipa.

Miezi michache iliyopita Mama Mwalimu alikuja kwangu akiwa na macho mekundu. Mama yake alikuwa amepiga simu siku isiyo ya Jumapili. Macho ya mama huyo yalikuwa yanaingia giza. Jicho moja lilikuwa limeshakwenda, na la pili lilikuwa linaona kama kupitia chandarua. Hakulia wala hakulalamika. Alisema tu kwamba kama yule mutu wa volkano ana nia ya kujionyesha, ajionyeshe sasa, kwa sababu baadaye atakuwa anajionyesha kwa mtu asiyeona.

"Na hakuna njia," Mama Mwalimu alisema. "Ndege hakuna, barabara hakuna. Basi nimemuambia: kila siku unasema maji yako inafika kwa mama. Leo ingia mu maji. Tutaona kama inafika."

"Amesema nini?"

"Ameniuliza kama beseni inatosha."

Alasiri hiyo tulishuka ziwani, mimi nikiwa na pini mdomoni na uzi shingoni, kwa sababu kifungo cha koti kilikuwa kimeruka njiani. Ziwa lilikuwa limetulia. Mama Mwalimu alisimama kwenye mchanga mweusi na simu mkononi, na ndani ya simu tukamwona mama mkwe kwa mara ya kwanza: mama mdogo wa mwili, kitambaa cheupe kichwani, ameketi kwenye kiti cha plastiki, mtu akimshikia simu. Kiti chenyewe kilikuwa ndani ya maji. Maji ya rangi ya chai yalimfika kwenye vifundo vya miguu, na nyuma yake, mbali, yalikuwa yanageuka kuwa bluu. Mwalimu aliona mstari ule wa rangi mbili na akasahau yuko wapi. "Ni ile," alisema polepole. "Ni ile nilikuwa nafundisha." Amefundisha jambo hilo maisha yake yote na hakuwahi kuliona.

Mama mkwe akaichukua simu, akaileta karibu kabisa na jicho lake lililobaki. Tuliona kope tu.

"Anasema uingie," Mama Mwalimu alisema.

Hapo ndipo tatizo la pazia lilipojitokeza. Ili aingie ziwani ilibidi aipe simu mgongo. Mwalimu alinitazama. Nilimtazama. Kisha mtu huyo, ambaye hajawahi kuingiza ziwani hata kidole, alivua viatu, akamwangalia mama mkwe usoni kwa heshima zote, na akaanza kuingia ziwa Kivu kinyumenyume.

Hakuona alikokuwa anakwenda. Alipapasa kwa kisigino, akapiga kelele ndogo, akaendelea. Nikamkumbusha kukunja suruali. Suruali ikalowa. Maji yakafika magotini, yakapita magoti, na midomo yake ilikuwa inatembea. Nilidhani anaomba, kumbe anasema Ruzizi, Tanganyika, Lukuga, Lualaba. Akasimama. Akanyoosha koti.

"Mama," alisema kwa sauti kubwa, kana kwamba simu haikuwapo na sauti ilibidi ifike yenyewe, "ni mimi. Nimekuja."

Mama mkwe alimtazama kwa lile jicho moja, juu mpaka chini, bila haraka. Halafu akauliza swali, na swali lake lilikuwa fupi.

"Anauliza," Mama Mwalimu alisema, "ile maji uko umesimama ndani, itamufikia siku gani?"

Wote tuliosoma kwake tulijua jibu. Mimi nililijua kwa njaa. Mama Mwalimu naye alilijua, kwa sababu alifunika simu kwa kiganja na kunong'ona, "Sema mwezi ujao. Nakuomba. Sema tu mwezi ujao."

Niliona Mwalimu anavyotamani kusema hivyo. Ningekuwa mimi ningesema kesho.

"Mama," alisema, "itakawia. Ingine inalala huku chini mu Kivu miaka mingi sana. Ingine itaingia Tanganyika, na kule maji haina haraka. Wewe hautakuwako. Mimi sitakuwako. Hata bajukuu ya bajukuu yetu, sijue. Itafika, mama. Hiyo siwezi kukudanganya. Lakini sisi haitatukuta."

Kwa mara ya kwanza Mama Mwalimu alitafsiri yote, neno kwa neno, hata wajukuu. Jogoo wa Muanda akawika.

Kisha mama mkwe alizungumza, na hakikuwa Kilingala cha kuhitaji mkalimani.

"Nakozela yo, bokilo."

Atamngoja. Bokilo. Mama Mwalimu akakaa chini mchangani na nguo yake nzuri, simu juu, akilia na kucheka pamoja. Wavuvi waliokuwa karibu wakapiga makofi bila kujua wanapigia nini. Na Mwalimu, bokilo wa Muanda, alisikia machozi yanakuja, na kwa kuwa mwanaume hamlilii mama mkwe usoni, akageuka haraka kutazama ziwa.

Maua yote, mekundu na ya njano, yakatandazwa mbele ya Muanda.

Kwenye simu tulisikia kicheko, kirefu, cha mtu anayeona vizuri kuliko anavyosema. Halafu maneno, mengi, kwa kasi, yakapanda na kushuka kama ya Jumapili zote. Mama Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho, akajifuta uso kwa kitenge, akanigeukia.

"Anauliza," alisema, "fundi ni nani."